Ufuta Mnadani, Ugali Mezani

Muulize kijana wa Lionja anayecheza mpira Jumamosi jioni amekula nini tangu asubuhi, naye atakujibu bila kufikiri: chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mwenye bahati ataongeza chapati moja ya kwa mama ntilie. Saa kumi filimbi inalia, vumbi linatimka, kila mpira unagombewa kana kwamba ni fainali. Ikifika dakika ya 60 na kitu timu zote mbili zinatembea. Mashabiki wanasema vijana hawana pumzi, kocha anaahidi kwamba wiki ijayo watakimbia zaidi alfajiri, na hakuna anayeuliza habari za chungu.

Wala Lionja si mahali pa kukosa chakula cha mwanamichezo. Kata hii iko Wilaya ya Nachingwea, na watu wake wana shughuli zao Nachingwea na Ruangwa vilevile. Pande zote hizo ni nchi ya ufuta, korosho, karanga, mbaazi, choroko na njugu mawe. Mchezaji wa kulipwa Ulaya akiandikiwa na mtaalamu wake vyakula vya kujenga misuli na kurudisha nguvu, sehemu kubwa ya vitakavyoandikwa inaota hapa, tena kwa jembe la mkono. Inalimwa, inavunwa, inapepetwa, inashonwa kwenye magunia na kupelekwa ghalani. Nyumbani unabaki ugali.

Kaa nje ya ofisi ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kuanzia Juni uone. Ufuta unapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, mzigo unasubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku hizi mnada wenyewe huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mlaji wa ufuta ule yuko China, India au Japani. Sina ugomvi na mnada. Ufuta umeezeka bati nyumba nyingi za Kusini, umelipa ada, umenunua pikipiki. Ninachokilalamikia ni ile desturi ya kupeleka mpaka punje ya mwisho, halafu Januari mwenye shamba anakwenda dukani kununua mafuta ya kupikia ya kupima kwa kikombe.

Udongo huu ulishawahi kulimwa kwa ajili ya meza za mbali. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yakigawiwa kwa kadi. Frank Samuel, mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, akatoa wazo la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na serikali ya chama cha Labour ikalikubali. Yakachaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari milioni 3 na robo. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Januari 1951 mradi ukafutwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Wamwera, wenyeji wa huku, walikuwa na karanga kwenye mashamba yao kabla ya matrekta, na wanazo mpaka leo. Mbali na bandari ile, kilichobaki cha maana kutoka nyakati zile ni utafiti wa mazao, ambao baadaye ulihamia Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Huko ndiko zilikotoka mbegu za karanga kama Pendo, iliyotolewa 1998, na zile za mwaka 2009 zilizopewa majina ya kwetu: Mangaka, Masasi, Mnanje, Nachingwea na Naliendele.

Kwa hiyo mbegu bora ipo, na mkulima yupo. Tupige hesabu ya mwili.

Chukua mchezaji wa kilo 65. Wataalamu wa lishe ya michezo wanapendekeza kwamba mtu wa mazoezi apate gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Kwa kijana wetu hiyo ni kati ya gramu 78 na 130. Unga wa muhogo una gramu 2 tu hivi za protini katika kila gramu 100, kwa hiyo hata akila ugali wa muhogo wa kujaza sinia pamoja na mboga za majani, hafiki nusu ya anachohitaji. Sasa badili chungu. Gramu 400 za unga wa dona zinampa kama gramu 32. Mbaazi au kunde kavu gramu 150, zikishapikwa ni bakuli mbili za kushiba, zinampa nyingine kama 32. Viganja viwili vya karanga, 15. Vijiko vitatu vya ufuta uliotwangwa, 5. Dagaa wakavu konzi moja, kama 11. Jumla inakaribia 95, na hakuna nyama, hakuna kopo la unga wa protini lenye picha ya mtu mwenye kifua kama ukuta. Mayai mawili ya kuku wa kienyeji yakipatikana, vizuri zaidi, ingawa najua yai la kuku wa kijijini lina wenyewe: linangojewa litotolewe, kifaranga kikue, kiuzwe.

Hesabu ya ufuta peke yake inafaa kurudiwa. Gramu 30 kwa siku, kwa mwaka mzima, ni kilo 11. Hilo halizidi debe moja. Hata kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, debe hilo ni kama shilingi 33,000, pesa ambayo vijana wengi wanaimaliza kwa vinywaji vya kopo vya "enaji" ndani ya msimu mmoja. Kopo lile lina sukari na kafeini. Litakuamsha, ndiyo, lakini misuli haijengwi kwa kuamshwa.

Kuhusu muhogo ni lazima nikae kidogo, kwa sababu Kusini muhogo ni chakula, ni akiba, na wakati mwingine ni hatari. Kama chanzo cha nishati hauna mpinzani. Wanga wake huhifadhiwa kwenye misuli na ini, na ndio unaochomwa mchezaji anapokimbia kilomita 10 au zaidi katika dakika 90. Muhogo mtamu wa kuchemsha, saa tatu kabla ya mechi, ni chakula kizuri kabisa. Shida iko kwenye muhogo mchungu, ule unaopandwa makusudi kwa sababu nguruwe na ngedere hawaupendi. Ndani yake mna kemikali inayotoa sianidi. Wazee walijua dawa yake: kumenya, kuanika makopa siku nyingi, kutwanga, kuchekecha. Muda ndio unaoondoa sumu.

Mwaka 1988, ukame ulipoibana Wilaya ya Masasi, kaya zenye njaa zilifupisha kazi hiyo. Muhogo mchungu ulipondwa, ukaanikwa haraka na kuliwa ukiwa bado una sumu. Watu wakaugua: kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa. Watafiti akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliifuatilia habari hiyo, na majina ya kwetu, makopa na chinyanya (muhogo huo wa kupondwa), yakaingia kwenye majarida ya sayansi ya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaripotiwa mkoani Mtwara ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona, ambao huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo bila chakula kingine cha maana. Ilisaidia njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga unalowanishwa kwa maji, unatandazwa tabaka jembamba, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inatoka hewani, kisha unasongwa ugali siku hiyohiyo.

Mchezaji anahusikaje hapa? Mwili una njia yake ya kuiua sianidi, na kwa kazi hiyo unatumia sulfa inayotoka kwenye protini, hasa kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini. Ndizo hizohizo zinazotakiwa kukarabati misuli. Anayekula ugali wa muhogo mchungu na mchuzi mtupu anatumia matofali ya ukuta kujazia shimo la barabarani. Mbaazi na kunde, pamoja na uzuri wao wote, zina methionini kidogo. Ufuta unayo nyingi. Bibi zetu waliotwanga ufuta wakautia kwenye kisamvu au kwenye mchuzi wa kunde hawakusoma kemia, lakini chakula chao kilikuwa kamili kuliko sahani nyingi za mjini. Leo kisamvu cha ufuta kimekuwa chakula cha kumkirimu mgeni, na kijana anayetoka mazoezini anakula kisamvu cha maji na chumvi.

Kuna jambo la saa, na hapa ndipo hata wenye chakula wanapokosea. Karanga ni nzuri, lakini ukizijaza tumboni nusu saa kabla ya mechi mafuta yake yatakulemea. Mbaazi na maharage nazo zikiliwa mchana wa mechi zitajaza tumbo gesi na kumpa beki wako sababu ya kushika kiuno. Chakula hicho ni cha usiku wa kuamkia mechi. Mchana kula wanga mwepesi: muhogo mtamu, viazi vitamu, wali, ugali wa kawaida na mchuzi kidogo, tena saa tatu kabla ya filimbi. Ming'oko nayo inafaa, ile mizizi ya porini inayochimbwa na akina mama na kuchemshwa kwa chumvi, ambayo mgeni akionjeshwa mara moja stendi za Lindi na Mtwara huiulizia kila anaporudi.

Maji yanadharauliwa kuliko vyote. Kwenye jua la Nachingwea mtu anayekimbia anaweza kutoka jasho la lita moja kwa saa, na akishapoteza asilimia 2 ya uzito wake kwa jasho, mbio na akili vyote vinashuka. Kilo 65 mara asilimia 2 ni lita 1.3 tu. Timu nyingi za vijijini zina ndoo moja na kikombe kimoja, na wachezaji wanasukutua na kutema. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ukikamulia limau au ukwaju, ni kinywaji cha michezo kinachofanya kazi sawa na cha chupa.

Baada ya mechi ndipo tunapopoteza zaidi. Misuli iliyochoka hupokea chakula vizuri katika saa zinazofuata mazoezi. Wanaspoti wanalenga gramu 20 hadi 25 za protini pamoja na wanga wa kutosha, na kijana wetu anakaa kijiweni mpaka saa mbili usiku akijadili penalti. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wa chakula cha wanariadha 10 wa Kikalenjini waliokuwa kambini Kenya. Waliwakuta wanakula mara tano kwa siku, na mara zote ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Walikula nini? Ugali, maharage, sukuma wiki, maziwa, chai yenye sukari. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, na vyakula vitokanavyo na mimea vilichukua asilimia 86. Hakuna chakula kwenye orodha ile ambacho mtu wa Lionja angekishangaa, labda maziwa. Tofauti ilikuwa ratiba.

Nakubali kwamba mwanariadha wa kambini anakimbia na kulala. Wa kwetu anacheza Jumamosi na Jumapili alfajiri yuko shambani na jembe. Kwa mwili hayo ni mazoezi mawili, na mwili haujali kama moja lina kombe na jingine lina magugu. Ndiyo maana habari ya kula mapema baada ya mechi inamhusu yeye kuliko hata mchezaji wa kulipwa: anayo kazi nzito baada ya saa 12. Sufuria ya uji wa mtama au mahindi uliochanganywa karanga zilizosagwa, ikingoja kando ya uwanja, ingemfaa zaidi ya hotuba yoyote ya kapteni.

Halafu kuna kalenda. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Januari hadi Machi ni palizi, kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo miezi ambayo ghala limeisha na mahindi mabichi bado. Nguvu inatakiwa zaidi wakati chakula ni kidogo zaidi. Mwili usiopata nishati unaanza kujila wenyewe, misuli ikitangulia, na kijana aliyekuwa na mapaja Agosti anaonekana Machi kama aliyetoka kuugua. Hapo ndipo kangomba anapopita. Anatoa pesa kidogo leo kwa korosho zitakazovunwa Oktoba, mwenye njaa anakubali, msimu ukifika hana cha kupeleka mnadani, na mwaka unaofuata anaanza akiwa nyuma zaidi. Serikali imepambana na kangomba kwa sheria na doria. Madebe mawili ya mbaazi na gunia la mahindi lisiloguswa mpaka Januari vingemnyima kangomba wateja wengi kimya kimya.

Nikitaja mbaazi nakumbuka mwaka 2017, India ilipobana uagizaji wake, bei ikaporomoka na wakulima wa Kusini wakabaki na magunia. Mazungumzo yote yalikuwa bei. Chakula chenye zaidi ya gramu 20 za protini kwa kila gramu 100 kilikuwa kimejaa vyumbani, na sote tulikiita hasara. Simlaumu mkulima aliyekuwa na deni. Lakini tulishazoea kukiona kile chakula kwa jicho la mnunuzi.

Wasichana wanaocheza mpira wa miguu na netiboli, na wanaopanda hadi mashindano ya UMISSETA kutoka shule za sekondari, wana hesabu nyingine juu ya hii: madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana upungufu wa damu. Kusini malaria inaongezea. Mchezaji mwenye damu pungufu anachoka mapema, moyo unamwenda mbio, na anaitwa mvivu. Matembele, kisamvu na majani ya kunde yana chuma, ila chuma cha majani huingia mwilini kwa shida, na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia hata kile kidogo. Chai isogezwe saa moja mbele. Mahali pake iwekwe ndimu, embe au ukwaju, kwa sababu vitamini C hukifungulia chuma mlango. Maini na dagaa vikipatikana wapewe wao kwanza, na hapa natambua kwamba naingilia desturi ya meza nyingi ambako kitoweo hupita kwa baba, kisha kwa kaka.

Oktoba hadi Desemba vitamini C imelala chini ya mikorosho. Bibo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na kwa kila korosho moja inayokwenda ghalani kuna bibo moja lililong'olewa. Mengi yanaozea pale pale. Yaliyobaki yanakamuliwa uraka, na uraka ukipitishwa motoni unakuwa nipa. Sitaki kujifanya ustadhi kuhusu uraka. Bibo lililokamuliwa asubuhi na kunywewa kabla halijachacha ni juisi nzuri, ikiwekwa chumvi kidogo kupunguza ukakasi. Ila timu inayosherehekea ushindi kwa ndoo ya nipa ijue inalipa nini. Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwafanyisha vijana 8 mazoezi makali, kisha kwa nyakati tofauti wakawapa protini peke yake, protini na pombe nyingi, au wanga na pombe nyingi. Kasi ya misuli kujijenga ilipungua kwa asilimia 24 walipokunywa pombe hata kama walipata protini, na kwa asilimia 37 walipokosa protini. Wa kwetu mara nyingi wako kwenye kundi hilo la mwisho: pombe na muhogo.

Mwezi wa Ramadhani huleta maswali mengi kwa makocha wa huku, na wengine husimamisha mazoezi kabisa. Sioni sababu. Futari ya Kusini imekamilika kuliko mlo wa mchana wa miezi mingine: tende au uji wa kufungulia, muhogo wa nazi, mbaazi, samaki mkavu. Mazoezi mepesi yawekwe saa moja kabla ya kufuturu, ili chakula kifuate mara moja, au baada ya tarawehe. Kinachowaangusha vijana ni kulala moja kwa moja mpaka alfajiri bila kula daku, kisha kulima mchana kutwa. Daku la ugali wa mtama, mchuzi wa kunde na maji ya kutosha humfikisha mtu mbali.

Jambo moja la tahadhari, kwa sababu nimesema sana kuhusu kuweka akiba. Karanga na mahindi yaliyowekwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo na 20 wakafariki. Haionekani kwa macho kila mara, na kupika hakuimalizi. Karanga zianikwe juu ya turubai au kichanja, zikauke mpaka zitikisike kwenye ganda, zihifadhiwe na maganda yake mahali pakavu, na zilizosinyaa, zilizopasuka au zilizobadilika rangi zitupwe. Nasisitiza zitupwe. Kuna kaya ambazo karanga nzuri huuzwa na mbovu ndizo zinazosagwa za mboga.

Nikirudi uwanjani, Ruangwa wana mfano wao wa karibu wa mafanikio. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikiwa na Raja Casablanca na Pyramids. Watoto wa Lionja wanaijua timu hiyo mchezaji kwa mchezaji, na wengi wana ndoto ya kucheza Uwanja wa Majaliwa. Mchezaji wa Ligi Kuu ana klabu ya kumfikiria chakula. Mchezaji wa kijijini anamtegemea mama au mke, na mwenye kupika siye mwenye kuamua magunia mangapi yapelekwe AMCOS. Ukitaka chungu kibadilike, mazungumzo yafanyike na mwenye kushika stakabadhi, tena Mei, kabla ufuta haujakatwa. Julai pesa imeshapangiwa kazi.

Timu za vijijini zina utaratibu mzuri wa michango. Kila mchezaji anatoa chake cha jezi, cha mpira, cha refa, cha gari la kwenda ugenini. Hakuna mchango wa chakula. Timu ya watu 20, kila mmoja akileta kilo 3 za karanga na kilo 5 za mtama wakati wa mavuno, inapata kilo 60 za karanga na 100 za mtama. Kwa kipimo cha gramu 50 za karanga na 80 za mtama kwa mtu, hizo ni sufuria 60 za uji wa kutosha wote, kila moja ikimpa mchezaji zaidi ya gramu 18 za protini kabla hajatoka uwanjani. Kwa sufuria moja baada ya mazoezi ya Jumatano na nyingine baada ya mechi ya Jumamosi, ni miezi saba. Ikiwa mavuno yanaingia Juni na uji unaanza Septemba, timu inafika mwisho wa Machi, palizi imekwisha, na bado haijamwomba mfadhili hata senti.